Tulia, Usipepese

Mpiga picha wa studio ya Magomeni Mapipa
alikuwa na neno moja tu: Tulia.
Tulia, shusha kidevu, usipepese.
Ndiyo maana humu wote wametulia:
mjomba Mahimbo na suruali yake ya bugaluu,
shangazi Chausiku na redio ya kuazima mapajani,
nyuma yao pazia lenye maporomoko ya maji
ambayo hakuna aliyewahi kuyaona.

Nami, miaka arobaini baadaye, chumbani Tabata Kimanga,
najenga tovuti, nayo naitaka tuli.
Isiyouliza nenosiri.
Isiyomjua anayeingia wala kumfuata anayetoka.
Kurasa tu: ukigusa, picha; ukirudi, orodha.
Binamu yangu Sadiki, mjuzi wa mambo haya, kanicheka:
"Dada, siku hizi kuna programu. Unapakia, kazi kwisha."
Nikamwambia shangazi yuko Tunduru,
simu yake ina ufa, bando lake la mia tano,
na hataki kujisajili popote;
mara ya mwisho alipojisajili
walimtumia meseji za bahati nasibu mwezi mzima.

Basi nikaanza. Albamu ilinusurika mafuriko ya Kigogo,
kurasa zake za gundi zimeng'ang'ania picha kama kupe.
Nikazibandua kwa uzi wa kushonea, moja moja,
nikazipeleka kwa Msuya mwenye steshenari.
Skana yake ina mstari wa kijani upande wa kushoto,
kwa hiyo utoto wetu wote
una mstari wa kijani upande wa kushoto.

Kila picha megabaiti nne.
Nikaipunguza, nikaipunguza tena
hadi ikapenya tundu la bando la shangazi,
na sura bado ni sura.
Nikatengeneza na vijipicha, vidogo kama stempu.
Nikayapa mafaili majina, herufi ndogo, bila nafasi:
maulidi-kigogo, idi-mosi, harusi-01, harusi-02.
LUKU ikakata katikati ya harusi-07.

Harusi-09 ndiyo iliyonikalisha.
Mama, bado binti, harusini kwa shangazi,
kicheko chake nusu,
na upande wa kulia pamekatwa kwa mkasi,
mkato mnyofu, wa mtu asiye na haraka.
Kilichobaki ni mkono.
Vidole vinne begani kwa mama,
saa ya mkanda wa ngozi, pindo la shati jeupe.
Ningeweza kuufyeka ukingo ule. Buruta kidogo, bofya,
na nani angejua kuwa palikuwa na mkono?
Programu ya Sadiki ingeukata yenyewe bila kuniuliza.
Nikauacha.
Chini yake, penye maelezo, nikaacha patupu.

Ijumaa nikapandisha. Shangazi akapiga usiku uleule:
"Imefunguka! Imefunguka yote!
Hivi ile redio ilikuwa ya nani?"

Mama alikuja Jumapili, akavaa miwani,
akapita albamu hadi albamu,
kidole akikilamba kila mara
kana kwamba kioo cha simu ni karatasi.
Kwenye harusi-09 kidole kikasimama.
Feni ikazunguka. Jirani alikuwa anakuna nazi.

"Hapa chini mbona hujaandika?"
Sikujua niandike nini.
"Andika: mkono wa Mwinchande."
Nikasubiri.
"Basi. Usiongeze."

Tovuti tuli haibadiliki mpaka uibadilishe mwenyewe.
Nikafungua faili, nikaandika maneno matatu,
nikahifadhi, nikapandisha upya.
Ukurasa haukuongezeka uzito
hata kilobaiti moja.

"Fungua tena," akasema. Nikafungua.
Akashusha kidevu.
Hakupepesa.